Sean Baker na miaka isiyolipwa

Usiku wa Machi 2, 2025, mwongozaji wa filamu wa Marekani, Sean Baker, aliitwa jukwaani mara nne katika utoaji wa tuzo za Oscar, zote kwa filamu moja, Anora. Alipokea tuzo ya uongozaji, ya muswada asilia, ya uhariri, na ya filamu bora akiwa mmoja wa watayarishaji wake. Kabla yake, Walt Disney peke yake ndiye aliyewahi kuondoka na nne usiku mmoja, mwaka 1954, na zake zilitokana na kazi nne tofauti. Anora iligharimu dola milioni 6 hivi, fedha ambazo katika studio kubwa za Marekani zaweza kuishia kwa mwigizaji mmoja tu. Tangu usiku ule imeenea tafsiri moja ya ushindi huo, hasa miongoni mwa vijana wanaotaka kuandika na kuongoza filamu zao wenyewe. Wanasema mlango sasa uko wazi. Wanasema kama mtu aliyewahi kupiga filamu nzima kwa simu amefika kileleni, basi aliyebaki nyuma amebaki kwa uvivu au kwa kukosa kipaji.

Tafsiri hiyo ina makosa, na makosa yake yanawaumiza watu. Ukiifuata safari ya Baker hatua kwa hatua, utaona kwamba gharama ya kupiga picha iliacha kuwa kizuizi kikuu zaidi ya miaka 20 iliyopita, na bado wanaodumu katika kazi hii ni wachache. Kinachowachuja ni muda. Nani anakulisha miaka miwili unayoandika muswada ambao hakuna aliyeuagiza? Nani anakulisha mwaka unaobisha hodi kwa wenye fedha, na mwaka mwingine ambao filamu imekamilika lakini msambazaji hajapatikana? Kazi ya mwongozaji anayejitegemea, hasa yule anayejiandikia mwenyewe, hujengwa au huvunjika katika miaka hiyo ambayo kamera imefungiwa kabatini.

Baker alizaliwa mwaka 1971, akasomea filamu Chuo Kikuu cha New York, na filamu yake ndefu ya kwanza ni ya mwaka 2000. Iliyofuata, Take Out, aliiandika na kuiongoza pamoja na Shih-Ching Tsou kwa takriban dola 3,000. Inamhusu mhamiaji wa Kichina asiye na vibali, anayesambaza chakula kwa baiskeli na ambaye lazima apate fedha za kuwalipa waliomvusha kabla siku haijaisha. Waliipigia picha ndani ya mgahawa halisi wa Kichina huko Manhattan, mgahawa ukiwa kazini. Wateja waliingia, wakaagiza, wakalipa na kuondoka. Jikoni mafuta yaliendelea kuchemka. Na wale wawili, ambao ndio waliokuwa kikosi kizima cha wapiga picha, wakajipenyeza na kamera yao ndogo ya dijitali bila kumzuia mtu kufanya biashara. Hiyo ilikuwa kabla simu janja hazijatamba. Filamu ilikamilika mwaka 2004, lakini iliingia kwenye kumbi za sinema mwaka 2008. Kwa sababu ya kuchelewa huko, filamu hiyo na nyingine yake, Prince of Broadway, zikajikuta mwaka 2009 zikiwania tuzo ileile ya John Cassavetes, inayotolewa kwa filamu za bajeti ndogo kabisa katika tuzo za Independent Spirit: mtu mmoja akishindana na nafsi yake, kwa kazi alizozikamilisha miaka tofauti.

Angalia hesabu hiyo. Kupiga picha kulikwisha kwa muda mfupi na kwa fedha ambazo watu wawili wenye ari wanaweza kuzikusanya. Kungoja kulichukua miaka minne. Na katika miaka yote hiyo ya mwanzo, Baker alikuwa na chanzo kingine cha mapato: kipindi cha runinga cha vikaragosi, Greg the Bunny, alichokibuni na wenzake na kilichodumu kwa sura mbalimbali kwenye vituo kadhaa. Kipindi hicho hakitajwi sana watu wanaposimulia safari yake kwa sababu hakina mvuto wa kishujaa. Kwangu mimi ndicho ufunguo wa simulizi nzima.

Sasa tuje kwenye simu. Tangerine, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Sundance mwaka 2015, ilipigwa kwa iPhone 5s tatu, na ndiyo inayotajwa na kila mtu anayeamini kwamba teknolojia imemaliza ukiritimba. Inafaa kuitazama kwa karibu. Juu ya kioo cha kamera ya simu walifunga lenzi ya kupanua picha, wakati huo ikiwa bado ni ya majaribio. Ndani yake waliweka programu ya takriban dola 8 iliyowawezesha kudhibiti mwanga na kasi ya picha. Simu ilishikiliwa kwa kifaa cha kutuliza mtikisiko, na Baker mara nyingine alipiga picha huku akiendesha baiskeli kuwazunguka waigizaji. Sauti haikurekodiwa kwa simu. Ilichukuliwa kwa vifaa vya kitaalamu, maana mtazamaji husamehe picha yenye chengachenga lakini hasamehe mazungumzo yasiyosikika. Na filamu hiyo ya simu iligharimu takriban dola 100,000. Baker mwenyewe ameeleza kwamba simu ilichaguliwa kwa sababu ya ufinyu wa bajeti, ili fedha zilizopo zilipe watu na mahali pa kupigia picha. Kamera ilikuwa kifungu kidogo tu katika bajeti, na kukiondoa hakukuvifuta vingine.

Wanaotetea simu wana hoja, na sitaki kuipuuza. Waigizaji wakuu wa Tangerine, Kitana Kiki Rodriguez na Mya Taylor, hawakuwa na uzoefu wa filamu ndefu, na simu haikuwatisha kama ambavyo kamera kubwa na kundi la watu nyuma yake lingewatisha. Barabarani Los Angeles wapita njia hawakugeuka kutazama. Mya Taylor alishinda tuzo ya Independent Spirit ya mwigizaji msaidizi kwa kazi ile. Bila simu huenda tungepata filamu nyingine kabisa, au tusingepata yoyote. Lakini tazama alichokifanya Baker mara tu alipopata uwezo. The Florida Project ya 2017 aliipiga kwa filamu ya milimita 35, akiibakizia simu sehemu ya mwisho tu, iliyochukuliwa kwa siri ndani ya bustani za Disney ambako asingeruhusiwa kuingia na kamera. Red Rocket ya 2021 aliipiga kwa milimita 16. Anora akarudi kwenye 35. Mtu anayetajwa kama nabii wa simu aliitumia pale hali ilipomlazimisha au hadithi ilipoitaka, na akaiweka chini pale ambapo hapakuwa na haja nayo.

Ushahidi mzito zaidi, kwa maoni yangu, ni wa mwenzake. Shih-Ching Tsou alianza naye katika mgahawa uleule. Alishiriki kutayarisha Starlet, Tangerine, The Florida Project na Red Rocket. Filamu yake ya kwanza ya kuongoza peke yake, Left-Handed Girl, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2025, miaka 21 baada ya Take Out, na wazo lake walikuwa nalo tangu enzi hizo za mwanzo. Ilipigwa mjini Taipei kwa iPhone. Kwa hiyo kipaji kilikuwepo, uzoefu ulikuwepo, wazo lilikuwepo, na kifaa kilichosemwa kuwa kimefungua milango alikuwa amekiona kikifanya kazi mbele ya macho yake miaka kumi nyuma. Kilichokosekana ni fedha za kutengeneza filamu kwa Kichina, Taiwan, na mtu wa kubeba gharama za miaka ya matayarisho. Kama simu ingekuwa jibu, filamu ile ingetoka zamani.

Ubaya wa kuwa mwandishi na mwongozaji kwa wakati mmoja ni kwamba nusu ya kazi yako haionekani kama kazi. Mwandishi anayeajiriwa na studio hulipwa kwa hatua: rasimu ya kwanza, marekebisho, usafishaji wa mwisho. Anayejiandikia filamu yake mwenyewe hulipwa uandishi huo pale tu mradi unapopata fedha, na mara nyingi malipo hayo ndiyo ya kwanza kupunguzwa bajeti inapobana, kwa kuwa ndiye mtu pekee asiyeweza kutishia kuondoka. Baker huhariri filamu zake pia. Kisanaa ni faida, maana filamu hubaki mikononi mwa aliyeibuni tangu ukurasa wa kwanza hadi mkato wa mwisho. Kimapato maana yake ni mtu mmoja kufanya kazi za watu watatu katika muda wa watu watatu, kwa ada ambayo ikigawanywa kwa miaka haifanani hata kidogo na inavyosikika siku mkataba unaposainiwa.

Hesabu hii si yangu peke yangu. Tarehe 22 Februari 2025, siku chache kabla ya Oscar, Baker aliitumia hotuba yake ya ushindi katika tuzo za Independent Spirit kuieleza. Filamu inaweza kula miaka mitatu ya maisha yako, alisema kwa maana hiyo. Ada unayoipata igawanye kwa mitatu, ondoa kodi, ondoa sehemu ya wakala na ya wanasheria, kisha uone kinachobaki. Akaongeza kwamba hana watoto, na kwamba angekuwa nao asingeweza kutengeneza filamu anazozitengeneza. Mwezi huohuo Brady Corbet, mwongozaji wa The Brutalist iliyokuwa ikiwania tuzo ya filamu bora, alieleza hadharani kwamba filamu zake mbili za mwisho hazikumwingizia chochote, na kwamba kilichompa kipato ni matangazo ya biashara aliyoyaongoza Ureno. Alisema pia kwamba amezungumza na waongozaji wenzake wanaowania tuzo na wasioweza kulipa kodi ya nyumba. Hawa ndio waliofika. Tunaozungumzia kufunguka kwa mlango tulipaswa kuwasikiliza hawa waliokwisha kuupita.

Wengine walijibu kwamba mwongozaji asilalamike, kwani filamu ikifaulu atapata gawio lake. Anayesema hivyo hajafuatilia fedha ya tiketi inavyosafiri. Ukumbi wa sinema hubaki na takriban nusu. Kinachobaki kinaingia kwa msambazaji, ambaye hukata kamisheni yake, kisha hujirejeshea gharama zote za matangazo. Baada yake wanafuata wawekezaji, ambao hurudishiwa fedha zao pamoja na nyongeza. Mwandishi na mwongozaji mwenye asilimia katika faida anakaa mwishoni mwa foleni hiyo, na mara nyingi foleni huisha kabla hajafikiwa. Zamani kulikuwa na DVD. Filamu iliyosuasua kwenye kumbi iliendelea kuuzwa na kukodishwa kwa miaka, na ndiyo iliyompa mwekezaji ujasiri wa kuhatarisha fedha zake tena. Majukwaa ya mtandaoni yameuziba mrija huo: yananunua kwa mkupuo mmoja, kisha filamu itazamwe na watu elfu moja au milioni kumi, kwa kawaida fundi wake hapati zaidi. Ndiyo maana Baker katika hotuba ile aliwataka wenzake wadai ada kubwa zaidi mwanzoni badala ya kutegemea ahadi za baadaye.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kizuri chajiuza. Anora haikujiuza. Ilipata Palme d'Or ya Cannes Mei 2024, na bado msambazaji wake, kampuni ya Neon, aliripotiwa kutumia takriban dola milioni 18 kuitangaza hadi ifike Oscar, yaani mara tatu ya gharama ya kuitengeneza. Ikiwa filamu iliyotwaa tuzo kubwa kuliko zote za Cannes ilihitaji kusukumwa kwa kiasi hicho, iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana itajiuza kwa njia gani? Yupo pia Charles Burnett. Alipiga Killer of Sheep mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwishoni mwa wiki, katika mtaa wa Watts, Los Angeles, kama kazi yake ya kuhitimu chuo kikuu cha UCLA, kwa chini ya dola 10,000. Aliijaza muziki ambao hakuwa na fedha za kununua haki zake, kwa hiyo haikuweza kutolewa rasmi. Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza mwaka 1990 kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa, huku mwananchi wa kawaida akiwa hana ukumbi wa kwenda kukata tiketi aione. Iliingia kwenye kumbi mwaka 2007, baada ya haki za muziki kulipiwa kwa dola 150,000, zaidi ya mara 15 ya gharama ya filamu yenyewe. Uzuri wake haukuwahi kuwa na ubishi. Takriban miaka 30 ilipotea kwa sababu ya karatasi za haki miliki.

Ipo hoja nyingine yenye uzito zaidi, kwamba uhaba ndio uliomfanya Baker awe Baker. Angepewa fedha mapema, angejenga jukwaa studioni badala ya kujibana kwenye mgahawa, na angeajiri nyota badala ya kuwatafuta watu mitaani. Kuna ukweli mkubwa hapo. Karren Karagulian, ambaye ameonekana katika filamu zake zote, na wale waigizaji wapya aliowaamini, ni matunda ya mtu aliyezoea kutazama alichonacho. John Cassavetes alikuwa hivyo kabla yake: aliigiza katika filamu za studio ili apate fedha za kutengeneza zake, na Faces ya 1968 aliipigia nyumbani kwake. Lakini hoja hii inachanganya mambo mawili. Bajeti ndogo wakati wa kupiga picha humlazimisha msanii kubuni. Kukosa kodi ya nyumba wakati wa kuandika humlazimisha kuacha. Kelly Reichardt alitoa filamu yake ya kwanza ndefu mwaka 1994, na ya pili, Old Joy, mwaka 2006. Hadi leo ni mwalimu wa chuo. Barry Jenkins alikaa miaka minane kati ya filamu yake ya kwanza ya 2008 na Moonlight. Hakuna aliyeonyesha kwamba miaka hiyo 12, au hiyo minane, iliwafanya wawe bora zaidi ya vile ambavyo wangekuwa kwa filamu mbili tatu za katikati. Sisi watazamaji tumezikosa filamu hizo, basi.

Na hapa ndipo kauli ya Baker kuhusu watoto inapopaswa kupimwa kwa uzito wake wote. Ikiwa kazi hii inaweza kufanywa tu na asiye na mtegemezi, au mwenye mali ya familia, au aliyebahatika kupata kipindi cha runinga cha kumweka mjini, basi hadithi tunazoziona zitatoka kwa watu wa aina hiyo. Baker ametumia miaka yake kusimulia maisha ya wahamiaji, ya wachuuzi wa bidhaa bandia, ya wanawake wanaouza miili, ya watoto wanaokua katika moteli, na amefanya hivyo kwa heshima. Hata hivyo mtoto wa moteli ile, akikua akataka kuisimulia mwenyewe, ataanza bila kipindi cha runinga na pengine akiwa na mama anayemtegemea.

Wanaotetea soko watauliza kwa nini mtu mwingine alipie ndoto za msanii. Swali ni la haki. Ufaransa imelijibu kwa namna yake: kila tiketi ya sinema, hata ya filamu ya Hollywood, hukatwa asilimia 10.72 inayoingia katika mfumo wa fedha wa CNC, taasisi ya filamu iliyoundwa mwaka 1946. Tangu 1959 kuna fedha za awali zinazotolewa kwa kusoma muswada, na zinazorejeshwa filamu ikipata mapato. Mbali na hapo, wafanyakazi wa filamu na jukwaa wanaotimiza saa 507 za kazi katika miezi 12 hulipwa posho katika vipindi wasivyo na kazi. Mfumo huo unalaumiwa kwa kuzaa filamu nyingi zisizotazamwa na mtu, na lawama hiyo haikosi ukweli. Lakini umekiri jambo ambalo Marekani haijalikiri: kwamba kipindi cha kati ya filamu mbili ni sehemu ya kazi, na kinagharimu. Marekani gharama hiyo ipo vilevile, ila inabebwa na msanii mmoja mmoja, na wengi wanaishia njiani kabla hatujajua majina yao.

Kama nimesoma safari hii sawasawa, mifuko ya ufadhili na mashindano yanayowapa washindi kamera na vifaa vya kuhariria yanatibu ugonjwa uliokwisha kupona. Fedha hizohizo zikilipa miezi sita ya kuandika, au zikilipia haki za muziki na wakili wa kupitia mkataba, zitafika mbali zaidi. Na mwandishi-mwongozaji anayekaa mezani na mtayarishaji kwa mara ya kwanza ana mambo ya kudai yasiyohusu vifaa: uandishi ulipwe kama kazi tofauti na uongozaji, hata kama malipo ni madogo; ada yote ya msingi itolewe kabla au wakati wa kupiga picha; gawio likiwepo, lihesabiwe kutoka kwenye mapato ya juu kabla ya makato, hata kama asilimia yake ni ndogo; jukwaa la mtandaoni likinunua, linunue kwa muda maalumu; na haki zirudi kwa mwandishi ikiwa filamu haijaonyeshwa hadharani ndani ya miaka iliyoandikwa kwenye mkataba.